Ndege kubwa ya mezani kwa askari wa milimita 28: jenga Horsa, Lancaster iache

Mkuu mleta mada, uzi wako nimeusoma wote. Una askari wa sanamu wa mchezo wa vita wa mezani, wa miamvuli wa Uingereza, wa kimo cha milimita 28, una meza ya futi 6 kwa 4, na unataka kujenga Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, kwa mikono yako, bila boksi la kununua, uining'inize juu ya meza. Umeuliza kama fomubodi, ule ubao mwepesi wa povu, inafaa, na kama kuna mtu hapa Bongo amewahi kujenga kitu cha ukubwa huo bila kuagiza vifaa nje. Jibu la yote mawili ni ndiyo. Ninachokupinga ni hiyo Lancaster.

Lancaster ina mita 31 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Askari wa milimita 28 wengi tunawahesabu kuwa skeli ya 1/56, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 56, kwa hiyo gawa kwa 56 unapata sentimita 55 na ushee. Ukubwa huo unajengeka. Sasa niambie itafanya nini. Utachonga injini nne, pangaboi nne, vibanda vya bunduki vya vioo, halafu yote yaning'inie juu ya askari ambao hawana shughuli nayo. Bomu likidondoka utarusha dadu zilezile ambazo ungerusha bila ndege. Na kila atakayeinama kusogeza kikosi ataipiga kichwa.

Ndege ya mezani inanoga ikiwa imetua. Ikishatua inakuwa jengo: watu wanatoka ndani yake, wanajificha nyuma yake, bawa linaziba mstari wa bunduki ya adui, na mkia unagombaniwa kama ukuta wowote. Hapo jasho lako linaonekana kila raundi.

Ndiyo maana nasema Horsa. Kwa msioijua, ni glaida, ndege isiyo na injini. Inavutwa na nyingine kwa kamba, inaachiwa, inashuka yenyewe. Kampuni ya Airspeed ya Uingereza waliirusha mara ya kwanza Septemba 1941, na zilijengwa zaidi ya 3,600. Karibu yote ni mbao, na sehemu zake zilitengenezwa hadi kwenye viwanda vya samani, Harris Lebus wa London wakiwemo. Yaani mafundi wa kabati na vitanda ndio walioijenga. Umbo lake liko hivyohivyo, la kiseremala: mwili wa duara, bawa la juu, mkia, basi. Ina mita 26.8 kwa bawa na mita 20.4 kwa urefu. Kwenye 1/56 hiyo ni sentimita 48 kwa 36 na nusu.

Halafu ina pambano lake tayari. Usiku wa kuamkia Juni 6, 1944, Horsa sita zilibeba watu 181 chini ya Meja John Howard kwenda kuteka madaraja mawili ya Normandy, Ufaransa: moja la mfereji wa Caen pale Bénouville, ambalo leo linaitwa Pegasus, na lingine la mto Orne umbali mfupi mashariki. Tatu kwa kila daraja, ingawa moja ya zile za Orne ilipotea ikatua mbali kabisa. Ya kwanza pale mferejini ilitua saa 6:16 usiku ikasimama kama yadi 47 kutoka darajani. Yadi 47 ni mita 43. Gawa kwa 56: sentimita 77. Kwenye michezo ya milimita 28 umbali wa kweli huwa haukubali kukaa mezani, tunadanganya karibu kila kitu, ila hapa daraja, uwanja na glaida tatu vinaingia kwenye futi zako sita kwa vipimo halali. Sijui pambano jingine la ndege lenye bahati hiyo.

Skeli kwanza. Askari wa milimita 28 ana kichwa kikubwa, mikono minene, na chini amesimama kwenye kikalio, kile kibao cha kumsimamisha, cha unene wa milimita mbili tatu. Ukimweka mlangoni mwa ndege iliyojengwa 1/56 kamili ataonekana ameuzidi mlango. Wengine hukimbilia 1/48 kwa sababu hiyo. Mimi siungi mkono: kwenye 1/48 bawa linafika sentimita 56, na glaida tatu zinakula karibu urefu wote wa meza. Baki na 1/56, ila mlango uongeze milimita tatu kwenda juu. Hakuna atakayeshika rula. Kukata paa ili askari wakae ndani usihangaike nako pia. Vikalio viwili vya milimita 25 havikai bega kwa bega ndani ya mwili huo, na mchezo unaanza wakiwa wameshatoka.

Mwili utoe kwenye bomba la PVC. Chapisha mchoro wa pande tatu kwa ukubwa wa modeli yako, beba karatasi na rula, nenda duka la vifaa vya ujenzi, linganisha kipenyo hadi upate bomba linalofanana. Wauza mabomba Gerezani hawashangai, wameshaona wateja wa kila aina. Bomba ni gumu, ni zito kiasi cha kutulia mezani, na hukai kutwa nzima ukikunja manila. Kwaruza lote kwa msasa kabla ya kitu chochote, maana rangi haishiki kwenye PVC inayong'aa. Na usilipashe motoni ili kulipinda ukiwa chumbani; moshi wake ni sumu. Likate kwa msumeno wa chuma tu.

Sehemu ya nyuma inayochongoka haitoki kwenye bomba. Hapo kata duara tatu za fomubodi zinazopungua kipenyo, zipange kwenye mshikaki wa mianzi, zungushia manila iliyokatwa mfano wa feni ya mkono. Sasa sikia uzuri wake: kwenye Horsa halisi mkia ulikuwa unafunguliwa, ndege ikishatua, ili gari dogo au mzinga utolewe kwa nyuma. Kiungo kiko nyuma ya bawa, palepale bomba lako linapokutana na manila. Usigundishe. Weka kipande cha plaiwudi kila upande, tia sumaku mbili za spika ndogo iliyokufa, na mkia wako unatoka na kurudi. Unapata glaida iliyofunguka, iliyovunjika mgongo na nzima, zote kwenye modeli moja, na kwenye begi inaingia bila kelele.

Bawa ndilo watu wanalifanya zito bila sababu. Usijaze povu. Chini weka kadibodi bapa yenye umbo la bawa. Juu yake, theluthi moja kutoka ukingo wa mbele, simamisha mhimili wa fomubodi unaopungua kimo kuelekea nchani, na mbavu chache nyuma yake. Ngozi ya juu ni manila moja inayoanzia ukingo wa mbele, inapanda mhimili, inashuka kukutana na kadibodi nyuma. Mgongo wa bawa unajitengeneza wenyewe. Kabla ya kugundisha, vuta manila kwenye ukingo wa meza mara kadhaa ili izoee kupinda. Ikikunjika kwa pembe, badilisha, haifichiki hata kwa rangi. Likishafungwa lilaze chini ya vitabu usiku kucha, kwa sababu gundi ya maji inapinda karatasi ikikauka.

Mabawa yatoke na yaingie. Pitisha spoku mbili za baiskeli katikati ya mwili, na ndani ya kila bawa weka mrija mwembamba ambao spoku inaingia kwa kubana kidogo. Jaribu mirija ya wino ya kalamu za bei rahisi. Bawa lililogundishwa moja kwa moja litakatika siku ya kwanza mtu akilishika nchani, na mezani lazima atokee wa kulishika nchani. Horsa ilikuwa na vibao vikubwa vya breki nyuma ya bawa ili ishuke kwa mteremko mkali. Viache vikiwa vimeinama. Kazi ya dakika chache, na modeli inaonekana imetua sasa hivi.

Pua ndiyo inayoogopwa, kwa sababu ni vioo vitupu. Chonga umbo la pua kwenye mbao laini, lipungue kidogo kuliko unavyotaka, lilainishe kwa msasa mpaka kidole kisihisi alama, kwa sababu kila mkwaruzo utatokea kwenye plastiki. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, ingiza umbo ndani, kisha sukumia vipande vya mbao kwa nyuma hadi chupa ikaze. Mpelekee fundi simu mwenye bloa ya kung'olea chipu, akupulizie hewa moto huku wewe unazungusha chupa polepole. Plastiki inaanza kunywea, inashika kwanza pale palipotokeza, halafu inafuata mashimo. Ukiona sehemu inageuka nyeupe, ondoa moto, umezidisha. Iache ipoe juu ya umbo, ndipo ukate kwa kisu kikali. Fremu za madirisha usizichore kwa brashi: paka rangi kwenye tepu ya karatasi, kata nyuzi za milimita moja, bandika.

Ukitaka glaida namba moja yenyewe, kazi hiyo yote unaweza kuiruka. Marubani wake, Jim Wallwork na John Ainsworth, walirushwa nje kupitia vioo wakiwa bado wamefungwa kwenye viti vyao. Pua ilipondeka. Bonyeza plastiki, vunja fremu, mwaga vijiti chini yake.

Kuhusu gundi niseme kwa ukali kidogo, maana humu ushauri wa ajabu umeshatolewa. Kuna mchangiaji amesema gundi ya viatu kwa kila kitu. Hapana. Gundi ya viatu, supa gluu, bodifila ya magari na rangi ya kopo la kupuliza, vyote vinakula povu. Fomubodi ni povu katikati ya karatasi mbili. Uso wake uko salama, kingo zake haziko. Kwa povu na karatasi tumia gundi nyeupe ya seremala. Gundi ya viatu ibaki kwa PVC na plaiwudi, na supa gluu kwa sumaku na spoku. Kila ukingo wa fomubodi ulio wazi uupake gundi nyeupe mikono miwili, ikauke kabisa, ndipo kopo la rangi lisogee karibu. Bodifila, ile ya wanyoosha bodi, ni nzuri mno pale bawa linapokutana na bomba, lakini baada ya kuziba kingo, si kabla.

Rangi haina mambo. Juu kijani kibichi iliyokolea na kahawia ya udongo kwa mabaka, chini nyeusi. Rangi ya maji ya ukutani ukichanganyiwa dukani inatosha kabisa, na haidhuru povu. Ile mistari ya uvamizi, alama ya kutambulisha ndege za Washirika, mitatu meupe na miwili meusi, iliagizwa iwe na upana wa inchi 24 kwa ndege za injini mbili na nne. Tumia hiyohiyo, kwetu ni milimita 11 kwa kila mstari. Usitumie tepu kuinyoosha sana. Iliwekwa mbiombio kwa brashi siku chache kabla ya safari, na picha za pale darajani zinaonyesha.

Mezani mimi hucheza hivi: kila glaida inarushiwa dadu ikitua, na matokeo yanaamua kama mkia umebaki, kama pua imepondeka, na raundi ngapi kikosi kinakaa ndani kikiwa na kizunguzungu. Weka na kidimbwi karibu na uwanja. Kilikuwepo kweli, na askari mmoja alizama humo usiku ule.

Kuna ndugu ameuliza kwa nini tusijenge ya kwetu, ile ndege ya Henri Farman iliyoruka kutoka Mafia mwaka 1915 kuelekeza mizinga ya meli za Uingereza, Severn na Mersey, dhidi ya meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, kule Rufiji. Pambano ni tamu, sikatai, na Julai 11 Cull na Arnold, waliokuwa ndani yake, walidunguliwa wakaangukia mtoni, wakaokolewa kwa mashua, kwa hiyo hata kutua kupo. Lakini ile ni vijiti na waya kila mahali, mabawa ya ghorofa mbili na mkia wa fremu tupu. Mikono ya watu wanne ikipita juu yake jioni nzima haitabaki. Ifanye baada ya Horsa, na nguzo zake ziwe spoku, usitumie vijiti vya meno.

Ukianza tupia picha humu bawa likiwa bado wazi, kabla ya ngozi ya juu. Mhimili ukiwa umepinda hapo ndipo tunaweza kukuambia, na bado unanyooka.