Mungu hana kigeugeu, gitaa je?

Dada'angu, umeuliza: kama Mungu habadiliki, mbona vijana wanaingia kanisani na gitaa na Biblia za kwenye simu? Soma Malaki 3:6 mpaka mwisho. Bwana hana kigeugeu, ndiyo maana wana wa Yakobo hawakuangamizwa. Kisichobadilika hapo ni rehema yake, si mtindo wa ibada. (Hata kinanda tulichokizoea kanisani kilikuja na meli kutoka ng'ambo.) Pale Mkunazini, Zanzibar, nako mambo yalibadilika: soko la watumwa lilifungwa 1873, kanisa likajengwa papo hapo, na Askofu Steere, Mwanglikana kutoka Uingereza, alitafsiri sehemu kubwa ya Maandiko kwa Kiswahili. Simu mie hainitishi. Kinachonitisha ni tunavyowaanika watu mitandaoni. Gitaa likizidi kelele, mwambieni kijana apunguze sauti, basi.