Barua kwa mwanangu: cherehani yenye macho

Goma, Jumapili jioni

Mama wangu,

Unauliza kama una haki ya kuandika kitabu cha watoto juu ya ukimbizi, maana sisi tulikaa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, siku tatu tu, wakati jirani zetu wengine walilala kambini Kanyaruchinya. Barua nimemsomea baba yako. Alicheka ulipoandika kwamba mimi nilibeba sufuria. Haikuwa sufuria. Kilikuwa kichwa cha cherehani.

Kitabu cha Judith Kerr, yule aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto, ulichonitumia nimekimaliza. Wewe unamwona sungura wa kuchezea wa rangi ya waridi aliyeachwa Berlin mwaka 1933. Mimi namwona mama yake Judith. Mume ameonywa kwa simu na polisi mmoja kwamba watamnyang'anya pasi, ameondoka na homa yake, naye anafunga masanduku. Na humo, wewe mwenyewe uliniambia, akatia michoro ya binti wa miaka tisa! Leo imehifadhiwa Uingereza.

Haya, na mimi? Tarehe 17 Januari 2002, Alhamisi, volkano ya Nyiragongo inatelemka na moto wake hadi mjini. Ulisema, “Mama, daftari.” Lile la kijani, chini ya godoro. Nikakuambia toka. Kisha nikarudi ndani, ndiyo, nilirudi, nikang'oa kichwa cha cherehani mezani, nikakifunga mgongoni kwa kitenge. Wewe, miaka saba, ukaenda kwa miguu hadi mpakani, umeshika ncha ya kitenge.

Siku zote nasema: anayekimbia hachagui, mkono wake ndio unaochagua. Sasa mkono wa yule mama mbona ulijua? Lakini yeye alikuwa na siku kadhaa, mimi nilikuwa na dakika. Tena cherehani hiyo ndiyo iliyokulipia minervali, karo ya shule, mpaka diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari. Basi nilichagua vizuri. Au sikuchagua, si nimesema ni mkono? Daftari lingeliwa na panya, pengine.

Kule Gisenyi uliokota kipande cha mkaa, ukapata katoni ya biskuti, ukanichora na cherehani mgongoni. Uliipa macho mawili na miguu inayoning'inia. Watu wote uwanjani walicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya ukuta peke yangu. Jioni kuni hazikuwepo. Katoni ile ndiyo iliyoivisha uji. Hilo sijawahi kukuambia.

Kuhusu haki, sijui nani anaigawa. Kerr alipita Uswisi na Ufaransa kabla ya kufika London mwaka 1936, na bado kitabu chake cha kwanza, mwaka 1968, kilikuwa cha chui-milia anayekuja kunywa chai na kumaliza hata maji ya bomba. Watu wakadai yule ni polisi wa Hitler. Yeye akasema ni chui-milia tu. Habari ya kukimbia aliitoa miaka mitatu baadaye. Baba yako anasema nawe uanze na la kuchekesha. Mimi ulimi unaniwasha, lakini usinitake niamue. Nikiamua utasema ndivyo nilivyoamua juu ya daftari.

Ila ukiichora cherehani, ni nyeusi, na meza yake ilibaki chini ya makoro, yale mawe ya volkano. Macho usiyasahau.

Mama yako