Sumu ya ukungu na seli za saratani ya titi

SWALI: Nimesoma kwamba zearalenoni, sumu ya ukungu wa mahindi na ngano, huzifanya seli za saratani ya titi zizaliane maabarani. Sumu hiyo si homoni. Inawezaje kufanya kazi ya homoni? Na je, mtu akiila atapata saratani?

JIBU: Ndugu msomaji, seli zinazotumika sana katika majaribio hayo huitwa MCF-7. Zilitangazwa mwaka 1973 huko Michigan, Marekani, na zilitokana na maji yaliyofyonzwa kifuani mwa mgonjwa wa saratani ya titi. Zina vipokezi vingi vya estrojeni, yaani protini zinazoipokea homoni hiyo ya kike. Ukizinyima seli hizi estrojeni, huzaliana kwa kusuasua.

Kipokezi hakiikagui molekuli nzima. Kinachokivutia hasa ni pete ya kaboni yenye hidroksili (oksijeni na hidrojeni zilizoungana), na zearalenoni inayo, kama estradioli, estrojeni kuu ya mwilini. Ikishakaa humo, jeni za kugawanyika kwa seli huamka. Tunathibitishaje? Tunaongeza fulvestranti, dawa inayozuia kipokezi. Ukuaji ukikoma, njia ilikuwa hiyo.

Majaribio haya yanataka uangalifu mkubwa, maana maabara yenyewe huweza kuchafua. Mwaka 1986 ilionekana kwamba fenoli nyekundu, rangi inayotiwa kwenye maji ya kukuzia seli, ina tabia ya estrojeni. Mwaka 1993 bisfenoli A, kemikali nyingine yenye tabia ya estrojeni, iligunduliwa ikitoka kwenye chupa za plastiki za polikaboneti zilizochemshwa kwa ajili ya utafiti. Kwa hiyo nikisoma utafiti wa aina hii, kwanza natazama vyombo na seramu (majimaji ya damu ya kulishia seli) iliyotumika.

Sasa swali lako la pili. Kukua kwa seli kunaonyesha kwamba sumu inakifikia kipokezi, hakuonyeshi kwamba imemletea mtu saratani. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka zearalenoni kwenye kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kuiainisha kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Mwilini, ini na utumbo huifunga sehemu kubwa itoke kwa mkojo na choo. Lakini sehemu nyingine hugeuzwa alfa-zearalenoli, yenye nguvu ya estrojeni kuliko sumu yenyewe, na hilo halinipi raha. Nguruwe jike wakilishwa nafaka yenye sumu hii, uke huvimba kana kwamba wako tayari kupandwa. Ni onyo la kweli.

Kupika kwa kawaida hakuiondoi yote, kwa hiyo nafaka yenye ukungu itengwe kabla ya kusagwa. Na kama unatumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi inayozuia estrojeni, usiiache kwa sababu ya habari hii. Zungumza na daktari wako.