Betri mpya, pikipiki bado haiwaki: pa kuanzia kwa fundi mgeni

Ukifunga betri mpya na pikipiki ikagoma, usiseme haraka kwamba betri ni mbovu. Nilipoanza kazi nilisema hivyo, mwenye pikipiki akaingia gharama ya betri ya pili, nayo ikagoma vilevile. Bado linaniuma, maana tatizo lilikuwa nati.

Nati za betri nyingi za pikipiki ni za mraba, zimekaa kwenye kijumba cha tamino (ncha ya betri inapofungwa waya) bila kushikwa na kitu. Ukiingiza boliti, nati inaweza kuzama au kukaa upande, nawe mkononi unahisi boliti imekaza. Taa zinawaka, honi inalia, lakini ukibonyeza stata unasikia "tik" na kila kitu kinazima. Taa na honi zinakula umeme kidogo. Stata inavuta amperi nyingi kwa mkupuo, na mguso uliolegea hauwezi kuzipitisha. Kata kipande cha sponji au mpira, kiweke chini ya nati ipande juu, ndipo ufunge. Halafu tikisa waya kwa vidole. Waya ukicheza, hujafunga.

Wakati wa kutoa betri, anza na hasi. Wakati wa kufunga, malizia na hasi. Fremu yote ni hasi, kwa hiyo spana iliyo kwenye chanya ikigusa fremu huku hasi imefungwa, unapata cheche na pengine kuungua. Tazama pia chanya iko upande gani, kwa sababu betri mbili za umbo moja zinaweza kuwa na tamino zilizopishana. Ukizigeuza, kagua fyuzi kuu kwanza, kisha rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri), kwani diodi zake huungua kirahisi.

Baada ya hapo, shika multimita (kipima umeme). Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6 hadi 12.8. Ikiwa chini ya 12.4, ichaji kwanza, hata kama imetoka dukani leo. Ukipiga stata huku unapima, isishuke chini ya 10 hivi. Ikishuka sana, betri ni dhaifu au stata inavuta kupita kiasi. Ikibaki juu ya 12 na stata haizunguki, umeme haufiki huko: fuata waya, rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye stata) na ethi (waya wa hasi unaokwenda kwenye injini au fremu). Ethi ninaipima hivi: ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, piga stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi una kutu au umelegea.

Ikiwaka, usimrudishie mtu pikipiki bado. Injini ikiwa inazunguka, vuta akselereta kidogo na upime tena kwenye betri. Pikipiki nyingi husoma kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki 12 na kitu, haichaji, na betri mpya itakufa kama ya kwanza. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti ya kuchaji) imekufa, na betri itachemka.

Ikiwa betri inaisha usiku pikipiki ikiwa imezimwa, toa waya wa hasi, weka multimita ya amperi kati ya waya na tamino. Miliamperi chache ni kawaida. Zikiwa nyingi, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Mzunguko wa fyuzi hiyo ndio unaovuja. Lakini usiwashe swichi wala usipige stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita.