Je, Mwandishi wa Habari Ataweza Kunificha?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani katika ghala la mbolea ya ruzuku karibu na Makambako. Katika orodha ya waliochukua mifuko msimu uliopita nimekuta majina ya wazee wa kijijini kwetu tuliokwisha kuwazika, na mbele ya kila jina kuna sahihi za mwandiko uleule. Kurasa hizo nimezipiga picha kwa simu. Nikimtumia mwandishi mmoja wa Iringa ninayemfahamu, je, ataweza kunificha, au serikali itajua kuwa ni mimi? — Msomaji, Njombe.

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi. Mwandishi mwaminifu hatalitaja jina lako, lakini jina hilo linaweza kupatikana bila yeye kufungua kinywa. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, kampuni ya simu ina kumbukumbu za nani aliwasiliana na nani na saa ngapi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa polisi nafasi ya kudai data kwa ajili ya upelelezi. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mijadala la mtandaoni JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Kabla hujampa mwandishi wako chochote, muulize kama yeye na mhariri wake wako tayari kufika huko.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo katika karatasi yenyewe. Mwaka 2017 Reality Winner, mfanyakazi wa kampuni iliyokuwa na mkataba na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, alichapa ripoti ya siri kuhusu udukuzi wa Urusi uliolenga uchaguzi wa nchi hiyo, akaituma kwa posta, bila jina, kwa chombo cha habari The Intercept. Waandishi walipowaonyesha maofisa nakala ili waithibitishe, wapelelezi waliona alama za mikunjo, wakajua kuwa ripoti ilichapwa na kutolewa nje kwa mkono. Walipokagua kumbukumbu za kompyuta wakakuta walioichapa ni watu sita tu. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka mitano na miezi mitatu.

Basi jiulize daftari hilo hukaa katika kabati la nani, na ni wangapi wenye ufunguo. Kama ni wewe na msimamizi wako tu, picha ikitoka gazetini imekutaja. Nenda ukaonane na mwandishi ana kwa ana, simu ukiiacha nyumbani, na umwombe asichapishe picha hizo, bali azitumie kama dira tu, kisha aende kijijini kuzungumza na familia za marehemu, ambazo zinaweza kueleza zenyewe kwamba hakuna mfuko uliofika kwao.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayomkinga mtu aliyetoa taarifa kwa nia njema asifukuzwe kazi wala kunyanyaswa. Hata hivyo, kinga hiyo inahusu taarifa iliyopelekwa kwa mamlaka husika, kama TAKUKURU, yaani taasisi ya kupambana na rushwa, na gazeti si mamlaka hiyo. Kwa hiyo ningeanzia ofisi ya TAKUKURU hapo Njombe, nikiandika tarehe na jina la ofisa aliyenipokea, na kwenda kwa mwandishi iwapo shauri litakaliwa.

Kuhusu ujasiri, waandishi wa Iringa wanaijua gharama yake: tarehe 2 Septemba 2012 Daudi Mwangosi, mwenyekiti wa klabu yao, aliuawa akiwa kazini Nyololo, wilayani Mufindi, na mwaka 2016 askari polisi mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kifo hicho. Lakini mwandishi jasiri naye ana mwajiri. Chunguza gazeti lake linaishi kwa matangazo ya nani. Kama mlipaji mkubwa ni ofisi ileile inayosimamia ghala lenu, mhariri atapigiwa simu kabla habari haijatoka, na wa kwanza kutafutwa atakuwa wewe. Katika hali hiyo, mpelekee mwandishi wa gazeti jingine.