Muulize Bwana Shamba: Kiazi kinang'aa nje, ndani kina tundu

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko Isyonje huku Mbeya, nalima viazi mviringo nusu eka. Msimu huu nikasema niende na mbolea ya asili, nikanunua samadi ya kuku kwa jirani gunia arobaini nikaimwaga kwenye mifereji siku ileile ya kupanda, alafu baada ya kupalilia nikaongeza na urea kidogo ili ichangamke. Majani yalikuwa msitu! Na viazi vikubwa kweli, ila mwenye kibanda cha chipsi akivikata vile vikubwa anakuta tundu katikati limezungukwa na ukahawia, kanirudishia gunia zima. Dukani wanasema ni upungufu wa kalsiamu nipulizie busta, chupa elfu kumi na nane. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Hiyo elfu kumi na nane kaa nayo kwanza. Kalsiamu inasafiri na maji, inatoka mizizini inapanda mpaka kwenye majani, na ikifika huko haigeuzi njia kurudi chini, kwa hiyo ukipulizia majani itaishia hukohuko kwenye majani na kiazi hakitaonja kitu. Kiazi kinajipatia kalsiamu yake kwa vimizizi vidogo vilivyo juu yake na kwenye kile kikonyo kinachokishikilia, maana yake iwepo kwenye udongo wa tuta palepale viazi vinapokaa. Kama udongo wako kweli ni maskini wa kalsiamu weka jasi, ule unga wa madini wenye kalsiamu, wakati wa kupanda.

Ila mi naona shida yako kubwa ni mwendo kasi. Samadi ya kuku ina nitrojeni (kirutubisho cha kukuza majani) nyingi kuliko ya ng'ombe, na wewe ukaipiga urea juu yake, nayo ni nitrojeni hiyohiyo, sasa kama na mvua ilikatika wiki mbili tatu kisha ikarudi kwa fujo ndo kabisa, kiazi kilichokuwa kimesimama kinavimba ghafla, nje kunakimbia, katikati kunabaki nyuma mpaka kunachanika. Ndo maana tundu liko kwenye vile vikubwa na vidogo viko salama. Na nitrojeni ya kuchelewa inakifanya kiazi kichelewe kukomaa, ngozi inabaki laini na ndani maji mengi, yaani hata kisichokuwa na tundu hakitoi chipsi nzuri.

Msimu ujao samadi uiozeshe kwanza. Irundike na mabua na majani makavu, imwagie maji mpaka ukikamata konzi ukaminya inashikana lakini haichuruziki, chomeka mti katikati ya rundo, ukiuchomoa baada ya siku tatu nne uwe wa moto mkononi, ukikuta umepoa geuza rundo. Kama miezi mitatu hivi. Ikiiva haikuchomi pua tena, inanukia udongo uliopigwa na mvua. Hiyo tani mbili inatosha nusu eka yako, na usiiongezee urea. Halafu panda karibu, sentimita 75 mstari kwa mstari na 25 shina kwa shina, nafasi ikiwa kubwa unapata majitu yenye matundu.

SWALI: Mimi wa Uwemba, Njombe. Naweka majivu ya jikoni kila mwaka sababu nasikia yana potasiamu, lakini viazi vinatoka na upele kama magaga ya miguu.

JIBU: Potasiamu ipo ni kweli, na kiazi kinaila kuliko hata nitrojeni. Lakini majivu ni ndugu yake chokaa, yanapunguza uchachu wa udongo, na bakteria wa upele hapendi udongo mchachu, pH (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua) ikizidi 5.2 hapo anajisikia nyumbani. Majivu peleka kwenye kabichi. Jasi haina hiyo tabia, inaleta kalsiamu bila kugusa pH. Pia usiache udongo ukauke wiki zile viazi vinaanza kutunga kama una namna ya kumwagilia, maana upele unaingia muda huo. Kula unaweza kula, umenye tu, ni bei ndo inaumia.

SWALI: Nichanganye zinki na boroni nipulizie kila wiki, au ni nyingi?

JIBU: Kila wiki ya nini jamani! Zinki ukiona majani machanga yamedumaa na kujikunja kwenda juu, hasa shamba lililopigwa mbolea ya fosfeti ya DAP miaka na miaka, hapo sawa kuna hoja. Boroni ndo ya kuogopa, kati ya kutosha na sumu ni hatua moja tu, na ukishaizidisha kwenye viazi, watakaolia ni maharage utakayopanda pale msimu unaofuata, hayo hayaivumilii kabisa. Chukua udongo sehemu kumi hivi za shamba, changanya kwenye ndoo safi, peleka upimwe kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole, ndo uingie dukani na karatasi mkononi.