Maswali na majibu: Kura ya chama na kura ya uhuru huko Uskoti

Tangu niandike kwamba mimi ni mwanachama wa Scottish National Party (SNP), chama kinachodai uhuru wa Uskoti, maswali yamekuwa yakiniijia kutoka kwa wasomaji wa huku Ulaya na wa nyumbani. Nilizaliwa Tanga, ninaishi Dundee, na nilijiunga na chama hiki siku chache baada ya upande wetu kushindwa katika kura ya maoni ya tarehe 18 Septemba 2014. Kwa kuwa Septemba 2024 ilitimia miaka 10 tangu siku ile, nimeona niyajibu kwa pamoja. Msomaji ajue mapema kwamba nina upande, lakini sitaficha pale ambapo upande wangu umekosea.

Msomaji wa Zanzibar: Uskoti ina bunge, ina serikali, ina hata timu yake ya taifa ya mpira. Si nchi tayari? Au ni kama sisi?

Tuanze na majina, kwa sababu neno letu "Uingereza" tunalitumia kwa vitu viwili. Ipo England, ambayo ni nchi moja, na upo ufalme wenye England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Hapa nikisema Uingereza nina maana ya huo ufalme wote.

Uskoti iliungana na England mwaka 1707. Mabunge mawili yakawa moja, London, ila Uskoti ikabaki na sheria zake, mahakama zake, mfumo wake wa elimu na kanisa lake. Bunge lilirudi Edinburgh mwaka 1999, baada ya asilimia 74 ya waliopiga kura mwaka 1997 kulikubali. Lina wabunge 129, nalo linasimamia afya, elimu, polisi na sehemu ya kodi. Ulinzi, mambo ya nje, uhamiaji, sarafu na pensheni ya serikali vimebaki London.

Mzanzibari atauona mfanano upesi: mshirika mdogo ana serikali yake, na mkubwa hana ya peke yake, kwani England haina bunge lake kama ambavyo Tanganyika haina. Lakini Zanzibar ina katiba yake ya mwaka 1984. Bunge la Edinburgh limesimama juu ya sheria iliyotungwa na bunge la London mwaka 1998, na kisheria mtungaji wa sheria hiyo bado ana uwezo wa kuibadilisha. Ndiyo maana sisi tunaodai uhuru hatuoni kwamba ugatuzi umelimaliza jambo hili.

Msomaji wa Glasgow: Mimi ni Mkenya mwenye viza ya kazi. Nina kura, au siasa za huku niwaachie wenyewe?

Una kura, ndugu yangu, na wenyewe ni pamoja na wewe. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wamo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo mwenye kibali halali cha kuishi hupiga kura zote, hata ya bunge la London. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Oman hawana hiyo ya London, lakini tangu sheria ya mwaka 2020 mgeni mwenye kibali halali, wakimbizi wakiwemo, hupiga kura ya bunge la Edinburgh na ya madiwani. Kwa chaguzi hizo mbili umri ni kuanzia miaka 16, na kituoni huombwi kitambulisho chenye picha. Kwa bunge la London umri ni 18 na kitambulisho ni lazima.

Jambo linalonisumbua ni kwamba jina lako haliingii lenyewe katika daftari la wapiga kura. Niliwahi kumkuta dada mmoja wa Kikongo, mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, ambaye alikuwa amekaa Dundee miaka mingi akizipokea barua za kumtaka ajiandikishe na kuzitupa, kwa kudhani ni madeni ya mpangaji aliyetangulia. Usizitupe barua hizo. Jiandikishe, kisha ukitaka upigie hata chama kinachonipinga.

Msomaji wa Mombasa: Neno "utaifa" linanitisha. Nyinyi mna tofauti gani na wale wa Ulaya wanaowataka wageni waondoke?

Shaka hii ndiyo iliyonichelewesha kujiunga. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa na mimi maneno kama "wenyeji" na "wa kuja" yanaweza kufanya nini mwaka wa uchaguzi, na mimi nilikuja Uskoti nikiwa na hofu hiyohiyo kifuani.

Kilichonibadilisha ni orodha ya wapiga kura ya 2014. Aliyekuwa akiishi Uskoti, awe raia wa Uingereza, wa Umoja wa Ulaya au wa Jumuiya ya Madola, alipiga kura: Mpolandi aliyehamia kwa kazi, mtu wa England aliyeoa huku, Mkenya mwenye kibali, kijana wa miaka 16. Mskoti aliyezaliwa Glasgow, babu na bibi zake wamezikwa Glasgow, lakini yeye amehamia London, hakupiga. Haikuulizwa damu; iliulizwa anwani. Utaratibu huo uliwekwa na serikali ya chama chetu, ingawa ilijua kwamba wengi wa waliozaliwa England na nchi nyingine za Ulaya wangeweza kutupinga, na naamini hakuna jambo la heshima zaidi ambalo harakati hii imewahi kulifanya. Machi 2023 chama kilimchagua Humza Yousaf, Mwislamu ambaye baba yake alitoka Pakistan na mama yake alizaliwa Kenya katika familia yenye asili ya Asia ya Kusini, akawa Waziri Kiongozi wa Uskoti. Alijiuzulu mwaka uliofuata kwa sababu za kisiasa kabisa, baada ya kuuvunja ushirikiano na chama cha Greens na kukosa wabunge wa kumtosha.

Lakini sitakudanganya kwamba chuki haipo. Katika maandamano fulani ya kudai uhuru nilijikuta natembea nyuma ya bango lililowatukana watu wa England. Niliwaomba walioshika miti yake walishushe, wakakataa, nami nikatoka kwenye safu nikarudi nyumbani kwa basi, nimelowa na nina hasira. Sitatembea nyuma ya bango kama lile hata kama kura yangu na ya waliolibeba ni moja.

Msomaji wa Kampala: Mwaka 2015 mlipata viti 56 kati ya 59 katika bunge la London. Julai 2024 mmepata 9 kati ya 57. Watu wameukana uhuru?

Hapana, wametukataa sisi, na hayo ni mambo mawili ambayo viongozi wetu wengi wamekuwa wazito kuyatenganisha.

Tazama kwanza hesabu. Uchaguzi wa bunge la London hutoa mshindi mmoja kwa kila jimbo, anayeongoza hata kwa kura moja. Mwaka 2015, chini ya mwaka mmoja baada ya kura ya maoni, waliosema Ndiyo walikuja kwetu karibu wote, huku waliosema Hapana wakigawana vyama vitatu. Tulipata nusu ya kura tukachukua karibu viti vyote. Labour, mojawapo ya vyama hivyo vitatu, waliokuwa na asilimia 24, waliambulia kiti kimoja. Mwaka 2024 upepo uligeuka: sisi tulipata asilimia 30 na Labour 35, lakini hiyo 35 iliwapa viti 37. Aliyeshangilia mfumo huu mwaka 2015 hana uso wa kuulalamikia leo, na mimi nilishangilia.

Hesabu hata hivyo si kisingizio. Tulikuwa na Mawaziri Viongozi watatu ndani ya miezi 15, uchunguzi wa polisi kuhusu fedha za chama, na huduma za afya zenye foleni ambazo mwananchi anazipima kwa maumivu ya goti lake mwenyewe. Zaidi ya hayo, watu walitaka kuwaondoa Conservatives, chama kilichokuwa kikitawala London, na Labour ndio waliokuwa na uwezo huo. Juni na Julai nilibisha milango ambayo wenyewe waliniambia, bila kusita, kwamba wanautaka uhuru na kwamba watapigia Labour. Tafiti za maoni zimesema hivyohivyo: uungaji mkono wa uhuru umebaki karibu na nusu wakati kura za chama zikiporomoka.

Ilani yetu ya mwaka 2024 iliuweka uhuru mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza, kana kwamba mtu huyo mlangoni alikuwa ameusahau. Hakuwa ameusahau. Alitaka kujua kwanza kama tunastahili kuongoza hiki tulicho nacho.

Msomaji wa Muscat: Kwa nini msipige kura yenu wenyewe, mkishinda mjitangazie?

Kura ya 2014 ilikuwa na nguvu kwa sababu serikali zote mbili zilikubaliana juu yake, kwa mkataba uliosainiwa Edinburgh Oktoba 2012, na aliyeshindwa alijua ameshindwa. Waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6, Hapana ikapata 55.3 na Ndiyo 44.7. Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji wote watano kwa sauti moja, iliamua kwamba bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura nyingine bila ridhaa ya London. Naiona hali hiyo kuwa ya dhuluma, kwa sababu muungano unaosemekana kuwa wa hiari unapaswa kuwa na mlango unaojulikana. Mwaka 2016 asilimia 62 ya wapiga kura wa Uskoti walitaka kubaki Umoja wa Ulaya, wakatolewa pamoja na wengine wote.

Lakini njia ya Katalonia, jimbo la Uhispania, ya 2017, ya kura iliyosusiwa na nusu ya nchi na viongozi kuishia gerezani au uhamishoni, siitaki. Wala sikuwahi kukubali wazo la Nicola Sturgeon, Waziri Kiongozi wa wakati ule, kwamba uchaguzi mkuu ugeuzwe kura ya maoni. Kama tungefanya hivyo, Julai 2024 tungekuwa tumeuzika uhuru wenyewe pamoja na viti vyetu. London ikikuta asilimia 60 ya Waskoti wanataka kuulizwa na wanataka kuondoka, na wanaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, kuwakatalia kutakuwa kugumu mno. Kwa asilimia 48 ni rahisi, na tunaona.

Msomaji wa Edinburgh: Uchaguzi wa bunge la hapa nilipewa karatasi mbili. Ile ya pili ni ya nini?

Ya kwanza, ya rangi ya zambarau iliyopauka, ni ya mbunge wa jimbo, nao wako 73. Ya pili, ya rangi ya pichi, ni ya chama, kwa viti 56 vya orodha vilivyogawanywa katika kanda 8. Kura za orodha za kila chama hugawanywa kwa idadi ya viti ambavyo chama kimeshapata katika kanda hiyo, ukiongeza kimoja. Kwa hiyo aliyevuna majimboni hupunguziwa kwenye orodha. Mwaka 2021 tulishinda majimbo yote 9 ya Glasgow, na kwenye orodha ya Glasgow hatukupata hata kiti kimoja. Nchi nzima, zaidi ya kura milioni 1 za orodha zilitupatia viti viwili tu, wakati Greens, ambao nao wanataka uhuru, walipata 8 kwa asilimia 8.

Chama huwaambia watu watupe zote mbili. Mimi hulisema hilo nikitumwa, kwa sababu hakuna anayejua mapema majimbo yatakwendaje, lakini mtu akiniuliza maoni yangu binafsi namwonyesha hesabu hii naye aamue.

Msomaji wa Nakuru: Mkipata uhuru mtatumia pesa gani?

Hapa ndipo tulipojeruhiwa mwaka 2014. Alex Salmond, aliyekuwa akituongoza, aliahidi kwamba tungeendelea kushirikiana pauni na London; Februari mwaka ule Waziri wa Fedha wa Uingereza, George Osborne, akakataa hadharani, nasi hatukuwa na jibu la pili. Sera ya sasa ni kuanza na pauni, kisha tuwe na sarafu yetu. Mimi naiona ya pili kuwa ndiyo ya kweli, na naona tungeisema bila kumung'unya. Vilevile mpaka: tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, Uskoti ikirudi huko yenyewe itakuwa na ukaguzi wa bidhaa njiani kuelekea England, mnunuzi wake mkubwa. Tusilifiche.

Msomaji wa Leicester: Ukibisha mlango ukamkuta aliyepiga Hapana, unamwambia nini?

Namwuliza kwa nini, kisha nanyamaza. Karatasi zetu zina safu ya kuandika namba, 1 kwa anayeupinga uhuru kabisa na 10 kwa anayeutaka kabisa, na vijana wapya hukimbilia kutafuta 9 na 10 kwa sababu huko hupewa chai. Kazi iko kwenye 3, 4 na 5.

Kuna bibi mmoja mtaa wa Lochee, ghorofa ya tatu, ngazi za mawe zilizolika katikati kama kinu cha zamani. Mara ya kwanza aliongea nami kupitia tundu la barua, nikiwa nimeinama, maji ya mvua yakinitiririka kutoka kwenye kofia hadi kwenye karatasi. Alisema 1, kwa sababu ya pensheni ya marehemu mumewe. Nilimwambia sina jibu la kumtosha, na ndiyo ilikuwa kweli. Nimerudi kwake mara nne tangu hapo, mara mbili bila vipeperushi. Agosti alifungua mlango, akasema chama chetu hakipati kura yake kwa sasa, ila kwenye ile safu nyingine niandike 4. Niko kwenye ngazi zile tena Jumamosi, na pembeni ya namba yake nimeandika neno moja: pensheni.